Ndugu Akileta Mzigo wa Roho, Tumpe Nini?



Kati ya kazi zote za kanisa, iko moja isiyopigiwa fanfari wala kuimbiwa na kwaya. Ni kazi ya kukaa na ndugu mmoja, kusikiliza mzigo wa roho yake, na kutembea naye hata atambue mwenyewe mahali Mungu anapomwongoza. Wachungaji wanaifanya, mashemasi wanaifanya, na mama wazee wa kanisa wanaifanya pengine kuliko wote, jikoni au kando ya kitanda cha mgonjwa. Leo tunataka kuuliza swali gumu juu ya kazi hiyo: je, inafaa tumpe ndugu kila jibu analolitaka?

Tuchukue jambo ambalo kila paroisi inalijua. Mama mmoja amezika watoto wawili. Wa tatu ana homa. Anakuja usiku kwa mzee wa kanisa, wala hataki mahubiri. Ana swali moja tu: «Ni nani?» Anataka jina. Labda bibi yake mume, labda jirani, labda mtoto yatima aliyepokelewa nyumbani mwaka jana. Mzee akimjibu kwamba hana jina la kumpa, mama anaona amenyimwa mkate. Na anajua kwamba katika barabara ya pili kipo chumba cha maombi ambapo jina litapatikana kabla ya asubuhi.

Tusimcheke mama huyu. Maumivu bila sababu ni mazito kuliko maumivu yenye sababu. Jina linapunguza uzito kidogo, kwa maana hasira inapata pa kukaa. Lakini jina hilo linakwenda wapi? Linakwenda kwa mtu. Nchini mwetu tumeona watoto wakiitwa ndoki, wakinyimwa chakula, wakipigwa, wakifukuzwa hata kulala sokoni. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda watoto inaweka adhabu ya kifungo. Serikali imeandika hivyo. Lakini sisi tunaomwabudu Yesu, ambaye alimsimamisha mtoto katikati ya wanafunzi, hatukupaswa kungoja sheria ya Serikali.

Maandiko yanatufundisha namna gani? Rafiki za Ayubu walipofika, walikaa chini pamoja naye siku 7 na usiku 7, bila neno. Hiyo ilikuwa kazi njema kuliko yote waliyoifanya. Walipofungua kinywa kumtafutia sababu, wakaharibu, na mwisho Mungu akawakasirikia. Kuhani Eli naye alimwona Hana akisogeza midomo, akamdhania mlevi. Mzee wa hekalu, mwenye miaka mingi ya utumishi, alitazama roho iliyovunjika akaona pombe! Kama Eli alikosea, sisi tutajivuna namna gani kwamba jicho letu halikosei?

Lakini Eli huyo huyo baadaye alifanya vema. Mtoto Samweli alimwamkia mara tatu usiku. Eli alipotambua kwamba Mungu ndiye anayeita, hakusema, «Ngoja nikuambie Mungu anataka nini.» Alimrudisha kitandani na kumfundisha namna ya kujibu. Akajitoa katikati. Huo ndio moyo wa kazi yetu: kumsaidia mtu asikie, si kusikia mahali pake. Bwana Yesu mwenyewe, katika njia ya Emau, alianza kwa kuuliza wale wawili wanazungumza nini, akawaacha wamwage huzuni yao yote, ndipo akawafumbulia Maandiko. Yeye aliyejua yote aliuliza kwanza.

Wengine watatuambia: «Kanisa letu limezaliwa kwa unabii. Mnataka kuzima karama?» Hapana. Hatuwezi kukana mahali tulipotoka. Lakini Mtume Paulo anawaambia Wakorinto kwamba unabii ni wa kujenga, kutia moyo na kufariji, na kwamba wengine wanapaswa kuupima. Neno linalomtoa mtoto nje usiku limejenga nini? Limemfariji nani? Tena tukumbuke historia yetu. Tunafundishwa kwamba Papa Simon Kimbangu aliitwa tangu 1918, akasita, akaenda hata Kinshasa kutafuta kazi, na utumishi wake ukaanza Nkamba tarehe 6 Aprili 1921. Mungu alimngoja miaka mitatu. Na sisi tunataka kumaliza jambo la roho ya mtu kwa usiku mmoja!

Historia hiyo inatufundisha pia kutunza siri. Tangu Papa Simon alipofungwa mwaka 1921, hata alipofariki gerezani Elisabethville, Lubumbashi ya leo, tarehe 12 Oktoba 1951, Mama Muilu Marie na waamini walisali kwa kujificha. Neno moja lililoponyoka lingeweza kupeleka familia nzima uhamishoni. Kanisa lilipona kwa sababu watu walijua kufunga kinywa. Basi leo, mambo ya ndugu yakitoka katika maombi yakafika bombani asubuhi, wakati mama wanapochota maji, tunawaaibisha wazee wetu. Ila siri ina mpaka: kama mtoto anapigwa au maisha ya mtu yako hatarini, kunyamaza ni kumsaidia mwovu.

Kwa hiyo, kwa wote wanaofanya kazi hii, tunashauri:

1. Sikiliza mpaka mwisho. Usikate maneno ya ndugu kwa mstari wa Biblia.

2. Usitaje jina la mtu kuwa chanzo cha ugonjwa au kifo, hata ukiombwa kwa machozi.

3. Mgonjwa apelekwe hospitali. Kupima malaria si kukosa imani. Omba, kisha umsindikize.

4. Usipokee bahasha. Anayelipwa kwa jibu atatafuta jibu linalolipa.

5. Mama wasaidiwe na mama. Mtu asifungiwe mlango peke yake na mtumishi.

6. Kila anayetembea na wengine awe naye na mtu wa kutembea naye. Anayebeba mizigo ya watu peke yake ataanguka nayo.

Na yule mama wa usiku? Pengine ataondoka kwa hasira, aende katika kile chumba cha pili. Tutakuwa tumempoteza? Ni afadhali kanisa lipungukiwe mtu mmoja kwenye kiti chake kuliko yatima mmoja kulala sokoni kwa neno letu. Lakini tusiishie hapo, maana kumnyima jina na kumwacha aende ni nusu ya kazi, nayo ndiyo nusu iliyo rahisi. Asubuhi twende kwake. Tumshike mtoto mgonjwa, tuchote maji, tutafute franka za dawa, tukae. Tumwambie wazi: «Mama, hatujui kwa nini. Lakini hautabeba hili peke yako.» Na yule yatima tumwite kwa jina lake, tumketishe karibu nasi, ili nyumba yote ione.

Upendo, amri na kazi: ndivyo tulivyofundishwa. Upendo unatufanya tusikilize, amri inatuzuia kusingizia, na kazi inatupeleka mlangoni kwa mwenye kilio. Mungu atupe masikio kabla ya kutupa maneno. Amina.