Pesa Zilizopotea Njia Ni za Nani?



Biashara ya siku hizi imepata chombo kipya. Mwaka 2007 watu wa Kenya walianza kutumiana pesa kwa simu, na mwaka 2012 desturi hiyo iliingia Kongo yetu. Mwenye kutuma humpa wakala noti zake, naye wakala humtilia hesabu ileile katika simu. Kisha huandika namba ya mwenzake na namba yake ya siri, na mara pesa zimefika. Mwenye kupokea huenda kwa wakala wa kwao, akapewa noti.

Tazameni faida yake. Mama auzaye ndagala wa Uvira kwa wenye maduka wa Bukavu, zamani alifunga mapato yake katika pindo la kitenge, akapanda gari huku akiogopa wanyang'anyi wa njiani. Leo hukaa kwake, nazo pesa humfikia. Basi chombo hiki si kibaya. Akili ya mtu ni zawadi ya Mungu.

Lakini chombo kipya huleta kishawishi kipya. Mnunuzi wa Bukavu akikosea tarakimu moja tu, franka 200.000 za yule mama zaweza kuingia katika simu ya mtu mwingine. Tuseme mtu huyo ni wewe. Umeamka asubuhi, umezikuta. Je, ni zako?

Wengine hujibu: “Mimi sikuiba, zimekuja zenyewe.” Nami nauliza: Mbuzi wa jirani akivuka ua usiku na kulala zizini mwako, kesho utamchinja? Mbuzi amebadili zizi, hakubadili bwana. Amri ya saba haikatazi kutwaa tu; yakataza pia kushika kwa kusudi kitu cha mwingine.

Wengine husema: “Jirani namjua, lakini mwenye pesa hizi simjui, wala yeye hanijui.” Hapo ndipo penye hatari. Zamani, sokoni, muuzaji na mnunuzi walitazamana usoni, na aibu iliwazuia wengi. Simu huficha uso, lakini haimwondoi mtu. Nyuma ya tarakimu zile yupo mama, na watoto wake wanangoja karo ya shule. Pale ambapo jicho la watu halifiki, dhamiri yapaswa kukesha, kwa kuwa Mungu aona.

Wengine tena husema: “Matapeli ni wengi. Hutuma ujumbe wa uongo, kisha hulilia kurudishiwa pesa wasizotuma.” Ni kweli. Kwa hiyo haki iandamane na busara. Kwanza, usisadiki ujumbe peke yake. Tazama hesabu iliyomo katika simu yako. Pili, usimwambie mtu yeyote namba yako ya siri. Tatu, ukiona kwamba pesa zimeingia kweli, usizile; nenda kwenye ofisi ya kampuni ya simu, ili zirudi zilikotoka. Na aliyekwisha kuzila? Ana deni. Alipe, hata kidogo kidogo; maana mwenye kutubu wizi hurudisha, kadiri awezavyo, kile alichokitwaa.

Mwaka 1891, mashine zilipokuwa zimebadili kazi katika Ulaya, Papa Leo XIII aliandika barua iitwayo Rerum Novarum, yaani “mambo mapya”. Alifundisha kwamba haki ya mfanyakazi ni kubwa kuliko mapatano ya ujira yaliyofanywa kwa kulazimishwa na shida. Mambo yalikuwa mapya, haki ilikuwa ileile.

Vivyo hivyo kwetu. Kesho vitakuja vyombo vingine tusivyovijua leo. Lakini kila biashara, ya kikapu au ya simu, husimama juu ya uaminifu. Kama kila mtu atashika zile zilizopotea njia, yule mama atarudi kufunga pesa zake katika kitenge na kupanda gari kwa hofu. Kama tutazirudisha, atalala kwa amani.

Ninyi mnajitayarisha kwa Ubatizo, na siku ile mtaahidi kumkataa Shetani na kazi zake zote. Kazi zake nyingine ni ndogo, zaingia katika kiganja cha mkono. Mzikatae nazo.