Mzee na Fadhila ya Matumaini

Katekismu yafundisha ya kuwa fadhila za Kimungu ni tatu: imani, matumaini na mapendo. Watoto wa shule huzitaja kwa mpango huo bila kukosa. Lakini ile ya katikati ndiyo inayowasumbua watu wanapoanza kuzeeka. Imani mzee anayo, pengine kuliko kijana. Mapendo anayo pia, maana amelea wengi na kuzika wengi. Lakini matumaini? Atatumaini nini mtu ambaye siku zake zilizobaki ni chache kuliko zilizopita?

Swali hili si la mchezo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwalimu mkubwa wa Kanisa, aliligusa. Alieleza ya kuwa mtu hutumaini jambo lililo jema, lisilofika bado, lililo gumu kupatikana, na hata hivyo lawezekana. Kisha akauliza kama ni kweli ya kuwa vijana na walevi ndio wenye matumaini mengi. Akajibu kwamba ndivyo: kijana ana mengi mbele na machache nyuma, tena damu yake ina moto, mlevi naye hujisikia vivyo hivyo, wala haoni hatari. Wenye kupita jioni karibu na vilabu vya pombe watakubali ya kuwa mtakatifu huyu alijua watu. Basi, kama matumaini yatoka katika moto wa damu na wingi wa siku, mzee amekwisha kunyang'anywa. Hapo ndipo swali laanza kweli.

Heri kulitazama mahali penye watu, si katika vitabu tu. Na litazamwe Buluo, pembeni ya mji wa Likasi. Watu wa mbali wakisikia jina hilo hufikiri gereza; lakini pana nyumba pia, na watoto, na wazee wanaoketi kivulini.

Mtu aliyezaliwa huko mwaka 1945 alizaliwa karibu na mji ulioitwa Jadotville, katika Kongo ya Wabelgiji. Alipotimiza miaka 15, mwaka 1960, alijikuta katika Katanga iliyojitangaza kuwa nchi ya peke yake. Septemba 1961 askari wa Ireland, waliotumwa na Umoja wa Mataifa, walizingirwa Jadotville na kutekwa. Mwaka 1963 Katanga ikarudishwa katika Kongo. Mwaka 1966 mji ukaitwa Likasi. Mwaka 1967 kampani ya Union Minière ikawa mali ya serikali, na baadaye ikapewa jina la Gécamines. Mwaka 1971 nchi ikawa Zaire na Katanga ikawa Shaba. Mwaka 1997 majina hayo mawili yakaondolewa. Mwaka 2015 jimbo la Katanga likagawanywa, na Likasi ikawa ya Haut-Katanga. Mtu huyo hakuhama. Nyumba ni ileile na mwembe ni uleule, ila nchi ndiyo iliyokuwa ikihama chini ya miguu yake.

Hata jina lake mwenyewe halikuachwa. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilikataza majina ya ubatizo, na aliyebatizwa Yosefu au Petro ilimpasa aandikwe kwa jina la mababu peke yake. Jina la mababu ni jema. Ubaya ulikuwa katika kulazimisha. Mwaka 1974 serikali ikatwaa shule za misioni, na mwaka 1977 ikazirudisha mikononi mwa makanisa kwa mapatano. Fedha nazo hazikutulia: sikukuu ya Noeli ya mwaka 1979 ilitangazwa ya kuwa noti za zaire 5 na za zaire 10 hazitatumika tena, na wengi waliokuwa wameweka akiba nyumbani wakabaki na karatasi. Ndani ya Kanisa lenyewe, aliyezoea Misa ya Kilatini alianza kuisikia kwa lugha yake baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano; na mwaka 1988 Roma ikathibitisha kitabu cha Misa cha majimbo ya Zaire, ambamo mababu wenye haki huombwa pamoja na watakatifu mwanzoni mwa ibada. Wazee wengine walishangilia. Wengine walikililia Kilatini, nao walikuwa wakristu wema vilevile.

Lakini kilichouma kuliko hayo yote ni kazi. Kampani ilimpa mfanyakazi mshahara, na pamoja na mshahara nyumba ya kambini, posho ya unga, hospitali kwa mkewe, shule kwa watoto. Watu wakaiita baba na mama. Kisha baba huyo akaugua. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa shaba zaidi ya tani 470,000. Mwaka 1994 haikutoa zaidi ya tani 30,000 hivi. Mishahara ikakawia miezi na miezi. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipewa malipo ya mara moja ili waache kazi, na ikasemwa ya kuwa wameondoka kwa hiari. Lakini yafaa kuuliza kama ni hiari kweli, pale mtu asiyelipwa siku nyingi anapochagua kati ya kidogo na bure. Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alikipa kitabu chake cha mwaka 2001 jina linalosema ya kuwa wana wa Shaba waliachwa na baba yao. Wazee wa Likasi hawahitaji kukisoma ili wajue maana yake.

Basi mzee aketipo na kulia kwa ajili ya mambo hayo, atende nini mkristu aliye karibu naye? Amkemee, amwambie ya kuwa imani yake ni haba? Kitabu cha Esdra chajibu kwa namna nzuri sana. Waisraeli waliporudi kutoka utumwani Babeli, waliweka msingi wa hekalu jipya. Vijana walipiga kelele za furaha. Lakini makuhani na wazee waliokuwa wameliona hekalu la kwanza kwa macho yao, yapata miaka 50 nyuma, walilia kwa sauti kuu. Na Maandiko yasema ya kuwa mtu hakuweza kupambanua sauti ya furaha na sauti ya kilio; zote mbili zilisikika mbali kama sauti moja. Katika habari hiyo hapana anayewakemea wazee. Kilio chao kilipanda pamoja na nyimbo. Baadaye nabii Hagai aliwauliza wazi ni nani kati yao aliyeiona nyumba ile katika utukufu wake wa kwanza. Hakuwaambia wasahau. Aliwakumbusha hasara yao kwanza, ndipo akawahimiza wajenge.

Kwa hiyo machozi si dhambi dhidi ya matumaini. Dhambi zipo, nazo huja kwa mlango mwingine.

Ya kwanza ni kuyapamba yaliyopita mpaka yawe mungu. Wana wa Israeli jangwani walitamani samaki, matango na vitunguu vya Misri, wakasahau kabisa fimbo za wasimamizi. Mzee akisema ya kuwa zamani za Union Minière posho haikukosekana, asema kweli. Lakini zamani hizo watu walichapwa pia; na Desemba 1941 wafanyakazi wa kampani waligoma wakidai mshahara unaofaa, na huko Elisabethville askari wakawapiga risasi. Mwenye kukumbuka unga na akumbuke na damu. Kumbukumbu isiyo ya kweli haiwezi kuzaa matumaini ya kweli, maana yamfundisha mtu kungojea kitu ambacho hakikuwako.

Ya pili ni ngumu zaidi kutaja. Hasara nyingine hazikuletwa na Wabelgiji, wala na Mobutu, wala na bei ya shaba. Miaka ya 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi. Jamaa zima zima zilirundikana kituo cha gari la moshi, zikilala nje zikingojea safari majuma na miezi, na wengi walikufa, hasa watoto. Waliofukuzwa walikuwa majirani: walikuwa wameketi benchi moja kanisani, wamesimamiana ubatizo. Walio wazee leo walikuwa watu wazima siku zile. Kati yao wako waliohifadhi jirani usiku, na Mungu anawajua. Wako walionunua kabati na kitanda kwa bei ya kutupa. Wako walionyamaza. Mzee wa namna hiyo hawezi kutumaini kwa kusema ya kuwa mambo yamekwisha kupita. Uzee una mlango ambao ujana hauna: mtu hana tena cheo cha kulinda, wala hofu ya kupoteza kazi, naye aweza kusema kwa kinywa chake alichofanya, katika kitubio kwanza, na ikiwezekana mbele ya jamaa aliyoikosea. Kumtumaini Mungu bila kutaka kutubu, waalimu wa Kanisa waliita kosa hilo kutumaini kwa ujeuri, nalo ni dhambi kama kukata tamaa.

Kukata tamaa kwenyewe Maandiko yakuonyesha kwa mwanamke mzee. Noemi aliondoka Betlehemu ana mume na wana wawili. Akarudi amewazika wote watatu ugenini. Wanawake walipomsalimu kwa jina lake, alikataa, akataka aitwe Mara, yaani mchungu. Mtu aliyepoteza sana hufikiri ya kuwa hata jina lake limekwisha. Lakini yafaa kutambua jambo dogo katika habari hiyo: mwandishi hakumtii. Toka hapo mpaka mwisho wa kitabu aendelea kumwita Noemi. Na Ruta mkwewe hakumfanyia hotuba. Alikwenda shambani kuokota masuke, akamletea chakula.

Hapa wahusika ni vijana kuliko wazee. Katika miji ya Katanga siku hizi kijana huenda kwenye mashimo kuchimba madini kwa mikono yake, na nyumbani nkambo hubaki na wajukuu. Huo ni mzigo, lakini ni heshima pia. Lililo baya ni lingine: mtoto akiugua, au shimo likikosa madini, macho ya jamaa humgeukia mzee, na neno la uchawi hutamkwa. Katika Kongo wazee wamefukuzwa nyumbani mwao kwa neno hilo, na wengine wamepigwa. Mababu waliona ya kuwa uzima hushuka toka kwa wakubwa hata kwa wadogo. Padri Placide Tempels aliyaandika mawazo hayo katika kitabu chake cha mwaka 1945 juu ya falsafa ya Wabantu. Anayemshtaki nkambo ya kuwa anakula uzima wa wajukuu ameyageuza mafundisho ya mababu juu chini, tena amevunja amri ya nne na ya nane pamoja. Mkristu asiseme ya kuwa hiyo ni desturi. Si desturi ya Kanisa, wala si desturi ya mababu walio wema.

Yabaki neno la Mtakatifu Tomaso. Je, hakukosea? Hakukosea, maana pale alisema juu ya tumaini la asili, lile ambalo hata mnyama analo amwonapo mawindo karibu. Fadhila ya Kimungu ni nyingine. Hiyo haimtegemei mwenye kutumaini na nguvu zake, bali yategemea msaada wa Mungu. Na kitu inachotazamia ni Mungu mwenyewe. Kwa hiyo haipungui siku zikipungua. Kijana ni vigumu kuzitenganisha hizo mbili, maana moto wa damu huzichanganya. Mzee ameona ile ya kwanza ikizimika, na kama bado anasali asubuhi, ajua kwa nguvu ya nani.

Mtakatifu Augustino alifikia hapo. Mwaka 430 alikuwa na miaka 75, na mji wake wa Hippo, katika Afrika ya kaskazini, ulikuwa umezingirwa na Wavandali. Makanisa aliyoyatumikia yalikuwa yakiharibiwa moja moja. Rafiki yake askofu Possidius aliandika ya kuwa mgonjwa aliagiza Zaburi za toba ziandikwe na kutundikwa ukutani mbele ya kitanda, akazisoma akilia. Hakuacha wosia wa mali, kwa kuwa hakuwa na mali. Aliagiza tu vitabu vya Kanisa vitunzwe kwa ajili ya watakaokuja. Mji unazingirwa, naye aagiza vitabu vitunzwe: huyo hakuwa mtu aliyekata tamaa.

Na yuko Barzilai wa Gileadi, ambaye wasomaji wengi humpita haraka. Daudi alipomkimbia mwanawe Absalomu, tajiri huyu mzee alimlisha yeye na watu wake. Vita vilipokwisha, mfalme akamwita waende wote Yerusalemu, akae mezani pake. Barzilai akakataa kwa adabu. Alikuwa na miaka 80. Alisema ya kuwa ulimi wake hauonji tena chakula, wala masikio yake hayasikii vizuri sauti za waimbaji, na kwamba ataka kufa mjini mwake, karibu na kaburi la baba yake na mama yake. Mwenye kusikia haraka atadhani ya kuwa mzee huyu amechoka na maisha. Lakini hakumwacha mfalme aende mikono mitupu: alimtoa Kimhamu, aende mahali pake. Akavuka mto Yordani pamoja na mfalme, wakabusiana, akarudi kwake.

Miaka mingi baada ya hapo, Yerusalemu ukiwa umekwisha kubomolewa na Wababeli, kitabu cha Yeremia chataja mahali ambapo mabaki ya watu walipumzika wakiwa njiani kukimbilia Misri. Mahali hapo paliitwa makao ya Kimhamu, napo palikuwa karibu na Betlehemu.