Ilimu za Chuo Kikuu: Ipi Iliyo Bora?

Katika majumba yetu ya pwani huzuka swali moja kila mtoto amalizapo kidato cha sita: asome nini? Baba ataka udaktari, mama ataka sheria, na mjomba aliyerudi Maskati ataka biashara. Mtoto akitaja misitu, au historia, au ualimu, watu hutazamana. Ati hizo ni ilimu za waliokosa! Je, ni kweli kwamba ziko ilimu za kuheshimiwa na ziko za kuonewa haya?

Natutazame Matogoro, ile milima iliyo kando ya mji wa Songea. Huko ndiko unakoanzia mto Ruvuma, ambao sisi watu wa pwani twaujua kule mwisho wake, kusini ya Mtwara, umwagapo maji baharini baada ya kuwa mpaka baina ya Tanzania na Msumbiji. Mji wa Songea nao wategemea maji ya milima hiyo. Chemchemi kama hizo zataka kuhifadhiwa. Ni nani wa kuzihifadhi? Yuko ajuaye miti, yuko ajuaye udongo na mwendo wa maji, yuko fundi wa mabomba, na yuko mwanasheria, kwani mto huu ni wa dola mbili. Tena yuko mkulima aliyerithi shamba karibu na chanzo. Akiambiwa ahame ili mji upate maji, haki yake ni ipi? Chombo cha kupimia maji hakilijibu hilo. Hapo pataka mwenye kuijua historia ya ardhi ile na watu wake, na mwenye kuujua uadilifu. Ukimwondoa mmoja katika hawa, ama mji utakufa kiu, ama maskini atadhulumiwa.

Imamu Ghazali, aliyesomesha katika madrasa ya Nidhamiya mjini Baghdad tangu mwaka 1091 hata 1095, aliligusa jambo hili katika kitabu chake cha Ihyaa. Aliuhesabu utabibu, hesabu, ukulima, ufumaji na ushoni kuwa faradhi kifaya, yaani wajibu ulio juu ya shingo za watu wote mpaka wapatikane wa kutosha kuutekeleza. Kisha akawalaumu watu wa zama zake: miji mingi haina tabibu Muislamu, na huku wanafunzi wamesongamana katika fiqhi, kwa kuwa huko ndiko kwenye ukadhi na usimamizi wa mali za wakfu na za mayatima. Angalia vizuri. Yeye mwenyewe alikuwa faqihi. Hakuilaumu fiqhi, aliulaumu msongamano. Na sisi leo msongamano wetu umehamia mlango mwengine tu.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 na kitivo kimoja, cha sheria, na wanafunzi wasiofika ishirini. Nchi haikuweza kukaa na wanasheria watupu. Mwaka 1964 ikaundwa taasisi ya kuchunguza Kiswahili, na 1981 ikatoka Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wako wataalamu wanaowafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini. Panya hao walipelekwa Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, nchi ambayo mwaka 2015 ilitangazwa kuwa imesafishwa mabomu hayo. Wengine hunusa makohozi wakatambua kifua kikuu. Nani miongoni mwetu angemwoza binti yake kwa kijana asemaye kazi yangu ni kusomesha panya?

Ama ualimu, ndio unaodharauliwa kuliko zote, na Matogoro kipo chuo chake. Uchunguzi usiopata mwalimu wa kuupokea na kuufikisha hubaki kabatini.

Mtu atasema: basi kila ilimu ni njema? La. Mkoa huo wa Ruvuma hulima tumbaku. Mchunguzi akiyaongeza mavuno yake, amemnufaisha mkulima na amemdhuru mvutaji, na wote wawili ni waja wa Mungu. Kazi ya namna hiyo haipimwi kwa heshima ya kitivo. Yapasa aulizwe ni nani aliyeilipia, na kama amemtafutia mkulima yule zao jengine la kumlisha.