Mti Uliao Machozi

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, twaingia katika suala tulilotupiwa na mzee mmoja, nasi kwa siku nyingi hatukupata la kumjibu. Suala lenyewe ni hili: mtu akikosea, na kosa lake likamfanya amtaje Mola wake, je, yapasa kumtoa katika kosa hilo, au ni kheri kumwachilia?

Asili ya suala ni mti. Nje ya mji wetu, kando ya njia ya mashamba, ulikuwako mti mkubwa ulioanza kudondoka maji siku za kiangazi. Mbingu nyeupe, jua kali, na chini ya mti ardhi imelowa. Khabari zikaenea kwamba mti unalia. Hazikupita siku nyingi watu wakawa wanakuja na chupa na vikombe. Huyu ajipaka usoni, yule ampelekea mgonjwa. Wengine walisoma Fatiha, na wengine, tusifiche, walikuwa wamekwisha kufunga vitambaa matawini.

Tukaenda kutazama. Matawi yalikuwa na povu jeupe mfano wa povu la sabuni, na ndani ya povu mna wadudu wadogo, wengi, wamekaa vichwa chini. Sisi tulikuwa tumekwisha kusoma khabari zao, na kwa kule kujua tukaghurika. Tulisema kwa sauti kubwa, mbele ya watu wote, kwamba hayo si machozi wala si baraka, ni mkojo wa wadudu. Vijana wakacheka. Mama mmoja aliyeshika chupa akaimwaga chini, akavuta buibui lake usoni, akaenda zake bila ya kutamka neno. Ndipo yule mzee akatuambia: "Maalim, hawa walikuwa wakisema Subhanallah. Wewe umewapa nini badala yake?"

Tulilolisema lilikuwa kweli, walakini lilikuwa nusu ya kweli, tena ile nusu ichekeshayo. Nusu ya pili ni hii.

Mdudu huyu wa povu, akiwa mchanga, hana mbawa. Hutia mdomo wake ulio kama sindano ndani ya mti mpaka kwenye mirija ipandishayo maji kutoka mizizini. Wadudu wengi wafyonzao miti hunywa utomvu mtamu upitao karibu na gome. Yeye hunywa haya ya ndani, ambayo takriban yote ni maji matupu na chakula chake ni haba mno. Tena hayatoki yenyewe: majani yanayavuta kwenda juu, naye hana budi kuyavuta kwa nguvu zaidi ya mti. Mwaka 2021 wataalamu walitangaza kipimo chao, kwamba mvuto wake waweza kuzidi mara 10 ya mgandamizo wa hewa. Na kwa uhaba wa chakula kile hunywa bila ya kupumzika, hata anachokitoa kwa siku moja huweza kuzidi mara 100 ya uzito wa mwili wake. Lau mtu wa kilo 60 angalifanya hivyo, angalihitaji mapipa 30 ya lita 200 kwa siku.

Maji hayo huyachanganya na ute wa mwilini mwake, akayatia hewa kwa nyuma, yakawa povu. Na kwa kuwa kichwa kiko chini, povu humtelemkia likamfunika. Humo jua halimkaushi wala chungu hawampati kwa wepesi. Katika Afrika ziko aina kubwa zinazokaa kwa makundi, na maji yao yakizidi hudondoka kama mvua. Akikomaa huota mbawa, akatoka povuni, akawa mrukaji: Malcolm Burrows wa Cambridge alieleza mwaka 2003 kwamba mmoja wa jamii hii, mwenye urefu wa milimita 6 tu, huruka sentimita 70 kwenda juu. Qur'ani ina sura zenye majina ya Nyuki, ya Chungu na ya Buibui. Haielekei basi Muislamu aone haya kumtazama mdudu.

Wala si watu wa mji wetu peke yao waliokosea. Isidore, askofu wa Seville aliyekufa mwaka 636, aliandika kwamba nyenje huzaliwa na mate ya ndege. David Livingstone, ambaye kitabu chake cha safari kilichapishwa mwaka 1857, alimwona mdudu wetu huko Angola. Akakata gome la tawi, akaona matone hayapungui, akadhani kwamba mdudu huyapata maji hewani. Jicho lake lilikuwa zuri, ila hakujua kwamba maji yale hupita ndani ya ubao.

Turudi kwa mzee wetu. Mwaka wa 10 wa Hijra alifariki Ibrahim, mwana wa Mtume, na jua likapatwa siku ile ile. Watu wakasema kwamba jua limepatwa kwa kifo chake. Kosa lile lilikuwa zuri kuliko kosa la mti: lilitoka kwa wenye mapenzi, lilimtukuza Mtume, tena katika siku ya msiba wake. Lau liko kosa la kuachiliwa, ni lile. Naye alilikanusha, kisha akawasimamisha katika sala. Hakuwacheka, wala hakuwaacha mikono mitupu.

Basi jawabu letu ni kwamba kosa haliachiliwi. Wadudu wale walikuwa wataota mbawa waruke, na mti ungalikauka; kesho yake watu wangalianza kuulizana ni dhambi ya nani iliyoondoa baraka, na aghlabu atafutwaye kwa jambo kama hilo ni mnyonge asiye na mtetezi. Ama sisi tulitoa tusitie, na mzee alikuwa na haki ya kutuuliza.

Tuliwatuma watu wa nyumbani kwa mama yule kumtaka radhi. Alipokea vizuri, akasema: "Mwambieni sheikh, mimi nilijua ni maji tu. Sikuwa na jingine la kumpelekea mtoto." Mtoto alikuwa na homa siku ya nne, na nauli ya hospitali haikuwapo. Darasa ikachanga nauli jioni ile. Lingalikuwa jambo la siku ya kwanza, lau tungaliuliza kabla ya kufundisha.

Limebaki suala la vijana: je, maji hayo yafaa kutawadhia? Hayafai. Waliosoma Abu Shujaa wayajua maji saba: ya mvua, ya bahari, ya mto, ya kisima, ya chemchemi, ya theluji na ya mvua ya mawe. Maji yatokayo tumboni mwa mdudu hayamo, wala yatokayo mtini hayamo. Ama aliyepita chini ya mti kama huo, nguo yake ikadondokewa, husamehewa kama isamehewavyo taka ya nzi, kwa taabu ya kujikinga nayo. Aswali na nguo yake.