Deni la Mpishi

Kuna chakula kinaitwa sushi ya kuoka. Kama hujawahi kukiona, kiko hivi: wali uliotiwa siki unatandazwa kwenye bakuli la kuokea, juu yake anawekwa samaki aliyechambuliwa na kuchanganywa na mayonezi na pilipili, halafu bakuli zima linaingia kwenye oveni mpaka juu kushike rangi ya dhahabu. Hakuna kuviringisha, hakuna kisu cha ajabu, hakuna samaki mbichi. Unachota kwa kijiko, unaweka juu ya kipande cha mwani mkavu, unakunja, unatia mdomoni. Basi.

Nilifundishwa na jirani yangu Mfilipino hapa Kent, kusini mwa Seattle, ninakoishi mwaka wa sita sasa. Anasema kwao chakula hiki kilishika kasi mwaka 2020, watu walipofungiwa ndani na corona. Wenye oveni wakawa wanaoka trei kwa trei na kuziuza kutoka majumbani. Nilikipenda tangu tonge la kwanza. Sisi watu wa pwani, ukishatuambia wali na samaki, maelezo mengine ni ya ziada.

Siku moja kazini kila mtu alitakiwa aje na chakula, nikapeleka bakuli langu. Mwenzangu mmoja wa dawati la habari akalitazama, akacheka, akasema, "Hiyo si sushi." Niliudhika kuliko ilivyostahili. Nikarudi nyumbani nimeamua kwamba nitaandika makala juu ya uhalisi wa chakula, na hoja nilikuwa nazo tele.

Hoja ya kwanza: neno sushi lenyewe asili yake ni uchachu, wala si ubichi wa samaki. Zamani samaki walishindiliwa kwenye wali na chumvi, wakakaa miezi wakichacha, kisha samaki akaliwa na wali ukatupwa. Hizi tonge za kubonyeza kwa mkono tunazoziona kwenye picha zilishamiri Edo, mji unaoitwa Tokyo leo, katika karne ya 19. Ziliuzwa vibandani, chakula cha mtu mwenye haraka zake, kama mishikaki kwetu.

Hoja ya pili: samoni mwenyewe ni mgeni kwenye sushi. Wajapani walimla amekaangwa, ameokwa au ametiwa chumvi, lakini mbichi walimwogopa kwa sababu ya minyoo. Ni Wanorwei, waliokuwa na samoni wa kufugwa wasiojua wawapeleke wapi, walioanza katika miaka ya 1980 kampeni ya kuwashawishi Wajapani wamle mbichi. Ilichukua miaka, ikafanikiwa. Sasa huyo anayeniambia sushi yangu si ya kweli kwa sababu samoni wangu ameiva, anatetea mila ipi? Ya Oslo?

Hoja ya tatu ilikuwa ya nyumbani. Muhogo asili yake Amerika ya Kusini, ukaletwa Afrika na mabaharia wa Kireno. Lakini nani atasimama Tanga amwambie mtu kwamba bada si chakula cha kwao? Vyakula vinasafiri, vinabadilika, vinapata wenyewe wapya. Hitimisho langu lilikuwa limeshaiva hata kabla ya utangulizi: chakula hakina mwenyewe, na anayepika hadaiwi na mtu.

Makala ile sikuiandika. Kilichonizuia ni shangazi yangu.

Shangazi alikuja kutoka Tanga nilipojifungua. Alikuwa hajawahi kupanda ndege. Alishuka na kanga zake, na mafuta ya nazi aliyoyafunga kwenye mifuko mitatu ya plastiki, na siku arobaini akanishika kama yai. Alinikanda kwa maji ya moto. Alinipikia uji wa pilipili manga na supu ya kuku, na usiku alimchukua mtoto ili mie nilale. Mama yangu alitangulia mbele ya haki zamani, kwa hiyo shangazi alikuwa anafanya kazi ya watu wawili na hakulisema hilo hata siku moja.

Jambo moja tu ndilo lililompa wasiwasi, nalo alilisema siku ile ile ya kwanza, amesimama jikoni kwangu anazitazama chupa na makopo. "Mwanangu, mie kizungu cha hivi vidude sikijui. Ninachokula huku sitakijua. Wewe ndiye macho yangu."

"Usijali, shangazi," nikamwambia. Nilisema haraka, kama mtu anavyosema neno dogo.

Arobaini ilipotoka nikasema leo shangazi akae, nipike mie. Nikanunua samoni wa nusu kilo. Nikapika mchele wa Kijapani, ule wa punje fupi unaonata, nikautia siki ya mchele vijiko vinne, sukari viwili na chumvi kidogo ungali wa moto, nikaupepea mpaka ukapoa. Samaki nilikuwa nimemroweka nusu saa kwenye sosi ya soya, tangawizi na vijiko viwili vya mirin. Mirin ni divai tamu ya mchele ambayo Wajapani hupikia. Ile ya kweli ina kilevi asilimia 14 hivi, na ya kwangu ilikuwa ya kweli. Nilikuwa naitumia siku zote. Mume wangu haitilii maanani, na mie, niseme ukweli, nilishaacha kuifikiria.

Niliifikiria shangazi alipotoka kuswali alasiri akaja kukaa jikoni. Chupa ilikuwa mezani. Niliichukua nikairudisha kabatini, nyuma ya chupa ya siki.

Mkono ule ndio unaonihusu. Maana kichwani nilikuwa na maelezo mazuri: ni vijiko viwili tu, moto utaimaliza, samaki ni ghali, shangazi amechoka, kwa nini nimharibie siku? Lakini kama niliyaamini, mbona niliificha chupa? Mkono ulijua kabla kichwa hakijakubali. Na hata lile la moto si kweli. Oveni ya dakika kumi na tano haimalizi kilevi chote, na hilo nilikuwa nimelisoma.

Basi nikaoka. Nikamchambua samaki, nikamchanganya na jibini laini, mayonezi na pilipili, nikamtandaza juu ya wali, nikanyunyiza ufuta, nikarudisha kwenye moto mpaka kingo zikaanza kububujika. Nyumba nzima ilinukia. Shangazi akashika karatasi ya mwani, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha. "Si mwani huu? Huu tunaolima sisi tukauza?" Nikamwambia ni ndugu yake. Mwani wa kwetu, ulioanza kulimwa kibiashara Zanzibar mwaka 1989, unakwenda ng'ambo kutengenezewa dawa ya kugandisha vyakula. Huu wenyewe unaliwa hivi hivi. Akacheka sana. "Kumbe tunauza kitoweo!"

Hakuuliza kilichomo ndani. Alisema bismillahi, akala, akaongeza, akala tena. Usiku akampigia binti yake simu Tanga akamwambia, "Huyu mtoto amenipikia wali wa samaki wa ajabu, wa kuoka. Nikirudi nitawapikia." Nilikuwa chumba cha pili namnyonyesha mtoto. Nilisikia kila neno.

Sasa turudi kwenye swali. Shangazi alidhurika nini? Mwilini, hakuna. Kidini, hata mtoto wa madrasa atakwambia asiyejua hana dhambi. Alifurahi, alishiba, alilala vizuri. Ukihesabu faida na hasara kwa vidole, hutaona kosa. Na wako wengi wanaohesabu hivyo. Mama anasaga maini ndani ya mchuzi wa mtoto asiyetaka maini. Mke anapunguza chumvi ya mume mwenye presha bila kumwambia. Tunawaita wenye busara.

Immanuel Kant aliandika mwaka 1797 kwamba huruhusiwi kusema uongo hata kwa muuaji aliyekuja mlangoni kumuulizia rafiki yako uliyemficha. Watu wamembishia miaka yote hii, na mie ni mmoja wao. Lakini wanaombishia husahau kwamba wengi wetu hatujawahi kupata muuaji mlangoni. Mie nilikuwa na mama mtu mzima aliyeketi kwenye kiti cha plastiki, ameshika mwani.

Wala si kila kunyamaza ni kudanganya. Mpishi ana siri zake, na ni haki yake. Kiasi cha viungo, alichotangulia kukaanga, alichokifanya ili pilau iwe na rangi ile, hayo hadaiwi na mtu. Kipimo ninachokiona mie ni hiki: angejua, angekula? Kama jibu ni ndiyo, hiyo ni siri ya mpishi. Kama ni hapana, basi hujatunza siri, umeamua kwa niaba ya mtu mwingine jambo lililo lake kuamua. Na mtoto wa maini bado ni mtoto. Uamuzi huo amekabidhiwa mama yake. Shangazi yangu ana miaka zaidi ya sitini na amejihifadhi na kitu hiki tangu alipopata akili. Vijiko vyangu viwili havikugusa mwili wake, viligusa hiyo miaka.

Hapo nikaona kwa nini makala yangu ya uhalisi ilikuwa na kasoro. Yale niliyoyasema juu ya chakula bado nayaamini. Sushi ya kuoka haidaiwi na Japani wala na mwenzangu wa dawati la habari. Unaweza kuigeuza, kuibandika jina, kuitia pilipili ya kwenu. Lakini kutoka hapo nikaruka hadi kusema mpishi hadaiwi na mtu, na huo ulikuwa mruko wa kitapeli. Mpishi anadaiwa, na anayemdai ni yule aliyekaa mbele ya sahani. Na deni lenyewe ni kumwambia kilichomo ndani, hata kama kimevunja kila mila ya sushi.

Ajabu ni kwamba kazini ninalijua hili. Tukichapa jina vibaya au namba isiyo sahihi tunaandika sahihisho, hata kama hakuna msomaji aliyelalamika. Hatungoji mtu aumie. Msomaji alituamini tumwonee asichoweza kwenda kukiona mwenyewe, na imani hiyo ndiyo yote tuliyo nayo. "Wewe ndiye macho yangu." Shangazi hajasoma uandishi wa habari, lakini kazi yangu aliieleza vizuri kuliko nilivyofundishwa chuoni.

Siku ya tatu nikamwambia. Nilingoja mtoto alale, nikaitoa chupa kabatini nikaiweka mezani. Nikamweleza ni nini, nilitia kiasi gani, na kwamba nilijua.

Alinyamaza. Akaishika chupa, akaitikisa, akaiweka.

"Ulijua kabla sijala au baada?"

"Kabla, shangazi."

"Mie sikuulizi habari ya dhambi. Hiyo ina mwenyewe wa kuihesabu. Nakuuliza, ungeniambia, ningekufanya nini?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu jibu lilikuwa: hakuna. Angesema, "Haya, nipe yai na chai." Angekula yai na chai, na tungecheka. Nilimficha mtu ambaye hakuwa na adhabu yoyote ya kunipa, ili tu nisiharibu picha ya mie mpishi mzuri ninayemshukuru shangazi. Shukrani ile ilikuwa yangu mwenyewe. Yeye nilimfanya mtazamaji tu.

"Nisamehe, shangazi."

"Nimekusamehe," akasema, akainuka kwenda kutawadha.

Ningependa kuishia hapo, lakini kusamehewa si sawa na kurudishiwa ulichopoteza. Kabla ya siku ile shangazi alikula chochote nilichoweka mezani. Baada yake, mwezi mzima uliobaki, alikuwa akishika kila kopo na kila chupa, anavaa miwani yake ijapokuwa maandishi hayamsaidii, ananinyooshea.

"Nisomee."

Nilimsomea. Mara ya kwanza nilisoma neno kuu nikanyamaza. Akasema, "Yote." Nikasoma yote: maji, chumvi, sukari, siki, mpaka yale majina marefu ya kikemia ambayo hata mie siyajui, na lile nisilolijua nikamwambia silijui.

Wiki moja kabla hajaondoka akaniomba mwenyewe ule wali wa kuoka. Safari hii samaki nilimroweka kwa ndimu, tangawizi na sukari kidogo, na sosi ya soya niliitafuta ile isiyo na kilevi, maana zipo zinazotiwa. Shangazi alisimama kando yangu tangu mwanzo mpaka mwisho. Hakuja kujifunza, ingawa alisema hivyo. Ladha ilikuwa nyepesi kuliko ya kwanza, nisidanganye. Ndimu haina ule utamu mzito. Alikula sahani moja. Akafuta mkono, akachukua chupa ya pilipili iliyokuwa imebaki mezani, akanipa.

"Hii hukunisomea."