Kuambiwa "Rejea" Si Kutukanwa

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Ndugu yangu Mwislamu, liko swali latupasa tulizingatie: Mtu akimwambia nduguye, "Leo sina nafasi, rejea," je, amekata udugu? Wengi wetu huona kwamba amekata. Kwa hivyo mlango haufungwi, barua ya mtu husomwa na mwengine, na maneno ya mume na mkewe huingiliwa na mashemeji na majirani. Mwenye nyumba hunyamaza kwa kuona haya, kifua kikamjaa. Na siku kifurikapo, talaka hutoka kwa chumvi iliyozidi mchuzini. Aliyemuudhi ni jamaa, na anayeachwa ni mke.

Mwenyezi Mungu ametufundisha jambo hili katika Sura ya Nur, aya ya 27 na ya 28. Ametukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe idhini na tuwasalimu wenyewe. Na tukiambiwa turejee, basi turejee, kwani ndilo lililo safi zaidi kwetu. Angalia anayeamrishwa ni nani. Mwenye nyumba hakutakiwa kutoa udhuru. Aliyeko nje ndiye aliyeamrishwa kurejea.

Hivyo ndivyo alivyofanya Abu Musa al-Ash'ari r.a. Aliomba idhini kwa Sayyidna Umar mara tatu, asiitikiwe, akarejea zake. Umar alipomwuliza sababu, alimjibu kuwa ndivyo alivyofundisha Mtume s.a.w. Umar akataka shahidi, na Abu Said al-Khudri akashuhudia. Wala katika khabari hiyo hakuna aliyemlaumu Umar kwa kutoitikia.

Na ndani ya nyumba moja pia iko mipaka. Aya ya 58 ya Sura hiyo yaamrisha hata watoto wasiobaleghe waombe idhini nyakati tatu: kabla ya Sala ya Alfajiri, wakati wa kupumzika adhuhuri, na baada ya Sala ya Isha. Na Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), ameeleza katika Minhaj kuwa ni haramu mume kuwaweka wake wawili katika maskani moja ila kwa ridhaa yao. Sharia imejua kuwa moyo wahitaji pahala pake.

Utasema: "Na kuunga udugu si wajibu?" Naam, ni wajibu. Lakini kukata udugu ni kumnyima jamaa salamu, na msaada, na kumzuru akiwa mgonjwa. Kuweka mpaka ni kumpa hayo yote, na kumzuilia lisilokuwa lake. Salman al-Farisi alipomwona Abu Darda amezama katika saumu na sala za usiku hata mkewe amesahauliwa, alimkumbusha kuwa Mola ana haki, na nafsi ina haki, na watu wa nyumbani wana haki, naye ampe kila mmoja iliyo yake. Na Mtume s.a.w. akamsadikisha. Basi mwenye kumpa jamaa saa iliyo ya mkewe, ametoa sadaka mali ya mwengine.

Lakini usimtume mwanao akaseme, "Baba hayupo," nawe uko ukumbini. Hapo umeweka mpaka kwa uwongo, na mtoto umemfunza. Sema kweli kwa ulimi mzuri, na umpe mwenzio miadi. Nawe ukiambiwa "rejea" leo, rejea. Na kesho umwamkie nduguyo kama ulivyomwamkia jana.

Mwenyezi Mungu atutengezee yaliyo baina yetu. Amin.