Bei ya Subira

Maumivu ya jino hayachagui mtu. Tajiri huyaonja na mchukuzi huyaonja, na usiku wake ni mrefu juu ya godoro kama ulivyo juu ya mkeka. Tofauti huanza asubuhi, wakati wa kumtafuta daktari. Hapo mmoja huuliza saa ya kufika na mwingine huuliza bei. Yuko na wa tatu, ambaye akisha kuuliza bei bado ana swali gumu zaidi: ni daktari gani atakayeweza kumngoja?

Wa tatu huyo ni kijana mwenye usonji. Usonji si upungufu wa adabu wala si matokeo ya malezi mabaya. Ni namna ya kuumbwa ambayo Leo Kanner aliieleza huko Marekani mwaka 1943, na Hans Asperger huko Vienna mwaka 1944. Mara nyingi huambatana na milango ya fahamu iliyo wazi kupita kiasi. Taa ambayo kwa wengine ni taa tu, kwake yaweza kuwa mwiba wa jicho. Mvumo wa mashine ya kuchonga meno hauishii masikioni bali humwenea mwili mzima. Ladha ya glavu na mkono wa mgeni kinywani humtoa katika utulivu wake. Mtu aliyetaka kubuni chumba cha kumtaabisha asingeongeza mengi juu ya chumba cha kawaida cha daktari wa meno.

Nchi inayofaa kutazamwa katika habari hii ni Marekani. Si kwamba shida haiko kwingine, bali huko haiwezi kusingiziwa ukosefu wa elimu wala wa vyombo. Tangu mwaka 1965 iko bima ya serikali iitwayo Medicaid, kwa watu wenye kipato kidogo na wengi wenye ulemavu. Sheria yake hulazimisha kila jimbo kulipia meno ya walio chini ya miaka 21. Kijana akitimiza miaka hiyo lazima hukoma, na kila jimbo huchagua lipendalo: mengine huendelea kulipia mengi, mengine hulipia karibu kung'oa tu, wakati wa dharura. Kijana haamki siku ile akiwa na meno mengine wala hofu nyingine. Kilichobadilika ni tarehe. Tena madaktari wengi hawaipokei bima hiyo, kwa kuwa malipo yake ni madogo.

Na jino si jambo dogo. Mwaka 2007, katika jimbo la Maryland, mtoto wa miaka 12 alikufa baada ya usaha wa jino moja kufika ubongoni. Yeye hakutajwa kwa usonji. Alikuwa mtoto wa jamaa maskini ambayo daktari hakupatikana kwa wakati wake. Jino lile lingeng'olewa kwa dola 80 hivi. Matibabu ya hospitali, ambayo hayakumwokoa, yalifika kiasi cha dola 250,000.

Chanzo cha taabu hii ni namna ya kuhesabu. Katika daftari la daktari wa meno kila kazi ina bei yake: kuziba kuna bei, kung'oa kuna bei, kusafisha kuna bei. Kungoja hakuna bei, au kuna bei isiyotosha kitu. Daktari anayemwacha kijana aingie leo akitazame kiti tu, juma lijalo akikalie bila kulala, na juma la tatu afungue kinywa kwa kioo kidogo, amefanya kazi iliyo ngumu kuliko kuziba meno manne. Lakini hesabu za jioni humwonyesha kwamba hakufanya kitu. Mwenzake humpeleka kijana yule yule hospitali, akatiwa nusukaputi na kutibiwa meno yote kwa mara moja hali hajitambui. Huyo hulipwa, na mtaalamu wa nusukaputi hulipwa, na hospitali hulipwa, na jumla yaweza kufika maelfu ya dola. Hivyo jambo rahisi halipatikani, na la ghali hupatikana, tena baada ya kungojewa kwa miezi. Nusukaputi si adui, na wako ambao hawana njia nyingine. Ila haimfundishi mtu kukaa kitini, na baada ya mwaka meno yataka kutazamwa tena.

Yaweza kujibiwa kwamba daktari naye ana kodi ya nyumba, mishahara ya wasaidizi na deni la masomo, na kwamba subira ni fadhila, nayo fadhila haidaiwi. Nusu ya jibu hili ni kweli. Mtu hawezi kutakiwa atoe saa zake bure kila siku. Wema unaotegemewa hivyo huchoka, na mwenye kuutoa huanza kuwaepuka wenye kuuhitaji. Kosa liko katika kuiita subira fadhila mahali hapa. Aliyevunjika mguu hapewi gongo kwa hisani, hupewa kwa kuwa tiba ya mguu haijatimia bila gongo. Hofu ya kijana huyu imeingia mlangoni pamoja na jino lake bovu, na anayeahidi kulitibu jino amekwisha kukutana na vyote viwili. Chama cha madaktari wa meno cha Marekani kilibadili kanuni zake za maadili mwaka 2018, kikakataza kumkataa mgonjwa kwa sababu tu ya ulemavu wake. Ni hatua njema. Lakini kanuni hufungua mlango wa chumba tu, haiongezi dakika ndani yake.

Wenye kipato kidogo huelekezwa mara nyingi kwenye vyuo vya meno, ambako bei hupungua kwa kuwa kazi hufanywa na wanafunzi chini ya macho ya walimu. Faida na hasara za mahali hapo zimefungwa pamoja kwa namna ya ajabu. Kazi ya nusu saa yaweza kuchukua alasiri nzima, maana kila hatua hungoja idhini ya mwalimu. Ukumbi huwa na viti vingi na mashine nyingi zikivuma pamoja. Na mwanafunzi wa mwaka huu mwakani amehitimu. Kwa mtu ambaye amani yake ni kujua kitakachofuata, hayo si madogo. Lakini mwanafunzi ana kitu ambacho mwalimu wake alikipoteza alipofungua duka lake mwenyewe: ana wakati. Chuo cha meno cha New York University kilifungua mwaka 2019 kituo cha watu wenye ulemavu. Huko Los Angeles uchunguzi uliochapwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba miili ya watoto wenye usonji hutulia zaidi taa zikipunguzwa, muziki laini ukipigwa, na mtoto akifunikwa kitu chenye uzito wa kumkumbatia. Katika hayo hakuna lenye gharama ya kutisha.

Liko swali zito zaidi, nalo ni la nguvu. Wapo wasemao kwamba dakika kumi za kumshika kijana, au kumfunga kwa mikanda, ni huruma kuliko miezi ya kumbembeleza huku uozo ukiendelea. Usaha ukitishia uhai, hoja hiyo yaweza kusimama. Lakini na itazamwe hali hiyo ilivyofikiwa. Mara nyingi dharura ya leo ni saa zilizonyimwa mwaka jana. Mtu hawezi kumnyima mwenzake njia ya taratibu, kisha akaitaja haraka kuwa ndiyo sababu ya kumfunga. Tena kijana huyu ni mtu mzima. Kutosema kwake si kutokuwa na neno, na mwili unaorudi nyuma unasema kwa lugha iliyo wazi ya kutosha. Aliyeshikwa mara moja hukumbuka, na daktari wa pili hulipa deni la yule wa kwanza.

Tanzania ina mchango wake katika jambo hili, ingawa haukukusudiwa. Katikati ya miaka ya 1980 madaktari wa meno nchini humo, Jo Frencken akiwa miongoni mwao, walitafuta namna ya kuziba meno mahali pasipo na umeme. Walikwangua sehemu laini iliyooza kwa vyombo vya mkono, wakaziba tundu kwa saruji ya meno inayoshika yenyewe. Shirika la Afya Duniani lilianza kuitangaza njia hiyo mwaka 1994. Hakuna aliyekuwa akiwaza usonji. Lakini mashine na mvumo wake, na mara nyingi sindano ya ganzi pia, vilivyokosekana kwa umaskini, ndivyo hasa ambavyo kijana mwenye hofu huomba viondolewe. Iko na dawa ya maji yenye fedha na floridi, ambayo hupakwa juu ya uozo na kuuzuia usiendelee. Shirika hilo liliitia katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021. Huacha doa jeusi, na watu wazima wa nyumbani huchukia doa hilo kwa niaba ya kijana kabla hawajamwuliza. Huenda yeye akalipenda kuliko kelele.

Na afikiriwe kijana wa miaka 22 aliyekwisha kutoroka mara mbili kutoka katika kiti hicho. Mara ya tatu taa imezimwa, mlango umeachwa wazi, na mama yake amekaa mahali anapoonekana. Daktari amempa kioo kidogo akishike mwenyewe. Kijana anakigeuza, anakinusa, anakitia kinywani, anakitoa, anakitia tena. Zimepita dakika arobaini. Jino bovu limeonekana, liko nyuma upande wa chini, na bado laweza kuokolewa. Jioni msaidizi anafungua daftari la malipo, anafika kwenye jina la kijana, na kwa kuwa hakuna jino lililoguswa, anapiga mstari na kupita.